Fimbo, upanga na teke: Funzo la Ulaya kwa wana wa Machakos

Na Mwandishi Wetu

FIMBO haikosekani katika maisha ya Ukambani. Mchungaji huitumia kuongoza ng'ombe katika nyanda za Yatta, mzee huiegemea anapoketi kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba, na mafundi wa Wamunyu huichonga kwa ustadi hadi ikanunuliwa na wageni kutoka ng'ambo. Hata hivyo, ukimwambia kijana wa mjini Machakos kwamba wako watu duniani wanaosomea fimbo tangu utotoni hadi uzeeni, na wakatunukiwa vyeo na nishani kwa ajili yake, huenda akadhani unamfanyia mzaha.

Huo si mzaha. Katika nchi za Ulaya, hususan Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, Italia na Ureno, zipo sanaa za kale za kupigana kwa fimbo, kwa upanga na kwa mateke ambazo hadi leo zina walimu, vyama, mashindano na wanafunzi. Wako watu walioanza kujifunza wakiwa na umri wa miaka minane na wangali wakifanya mazoezi wakiwa na miaka sabini na zaidi. Kwao sanaa hizi ni mwenendo wa maisha, kama ilivyo karate kwa Wajapani.

Huenda msomaji akauliza, mambo hayo ya Wazungu yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Mkenya mwenye jina la Kikamba tayari amesimama katika jukwaa la washindi wa dunia akiwa na upanga wa Kizungu mkononi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, sanaa hizo za Ulaya zilikaribia kufa kabisa, nazo zikaokolewa kwa njia ambayo sisi tunaweza kuiiga kabla wazee wetu hawajaondoka na yale wanayoyajua.

Kiatu kikuukuu cha Paris

Tuanze na mateke. Watu wengi hudhani kwamba kupigana kwa miguu ni jambo la Waasia peke yao. Lakini mwanzoni mwa karne ya 19, katika mitaa ya watu maskini ya Paris, vijana walikuwa na mtindo wao wa kupigana kwa teke la chini lililolenga muundi na goti. Mtindo huo uliitwa savate, neno la Kifaransa lenye maana ya kiatu kikuukuu. Mabaharia wa Marseille, upande wa kusini, nao walikuwa na mtindo wao wa mateke ya juu.

Mwaka 1825 Michel Casseux alifungua mjini Paris ukumbi wa kwanza wa kufundishia savate, pamoja na fimbo. Mchezo wa wahuni ukaanza kuvutia watoto wa matajiri. Baada yake akaja Charles Lecour, ambaye inasimuliwa kwamba alipojaribiana nguvu na bondia wa Kiingereza aligundua kuwa mateke peke yake hayatoshi. Akaenda kujifunza ngumi za Waingereza, kisha akaziunganisha na mateke ya Wafaransa. Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo unaoitwa ndondi za Kifaransa.

Mwalimu aliyeupa mchezo huo utaratibu kamili wa masomo, madaraja na mitihani alikuwa Joseph Charlemont. Mwanawe, Charles, alipambana mjini Paris mwaka 1899 na bondia wa Kiingereza Jerry Driscoll, katika pambano lililokusudiwa kuamua kama ngumi zashinda mateke au la. Charlemont alitangazwa mshindi, ingawa Waingereza walilalamikia teke la mwisho.

Tofauti kubwa kati ya savate na michezo kama karate ni kiatu. Mchezaji wa savate huvaa viatu, na ni kiatu tu kinachoruhusiwa kumgusa mpinzani. Kupiga kwa goti au kwa muundi ni kosa. Mateke yenyewe ni ya aina nne: teke la mjeledi linalotoka ubavuni, teke la msukumo linalonyooka kama pistoni ya injini, teke la kinyume linalorudi kutoka upande wa pili, na teke la chini linalolenga muundi. Ngumi ni zile zile za ndondi. Wanaoanza, vijana kwa wazee, hushindana kwa kugusa tu bila nguvu, na mwamuzi huhesabu usafi na ustadi wa pigo badala ya maumivu yake. Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha mtu wa miaka hamsini kuendelea na mchezo bila kuvunjwa mbavu.

Bakora yenye kanuni

Katika kumbi zile zile za Paris ndimo ilimofundishwa bakora. Katika karne ya 19 muungwana wa Ulaya hakutoka nyumbani bila bakora mkononi, kama vile mzee wa Ukambani asivyotoka bila mkongojo wake. Upanga ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku barabarani, na wezi walikuwa wengi. Bakora ikachukua nafasi ya upanga, nayo mbinu za upanga zikahamia katika bakora.

Bakora ya mashindano ya leo hutengenezwa kwa mti wa jamii ya chestinati. Urefu wake ni sentimita 95, na uzito wake ni kati ya gramu 125 na 140, yaani nyepesi kuliko simu nyingi za mkononi. Wachezaji hukutana ndani ya duara lenye kipenyo cha meta 9. Huvaa kofia ya kinga yenye wavu wa chuma usoni, koti nene na kinga za miundi. Kuchoma kwa ncha kumekatazwa. Mapigo yanayohesabiwa ni ya kuzungusha tu, na kabla ya kila pigo mkono hauna budi kurudishwa nyuma ya mwili, ili mpinzani aone pigo linakuja na apewe nafasi ya kulikinga au kulikwepa. Mahali panapolengwa ni kichwa, mbavu na miguu chini ya goti.

Kwa sababu hiyo mchezo huu huonekana kama ngoma: wachezaji huruka, huchuchumaa, hugeuka na kuhamisha bakora kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto. Mchezaji anayejua mkono mmoja tu hushindwa upesi.

Ulaya haina mtindo mmoja wa fimbo. Wareno wana mchezo wa fimbo ndefu inayoshikwa kwa mikono miwili, uliotokana na wachungaji na wakulima wa kaskazini mwa nchi yao. Wakazi wa Visiwa vya Canary wana mchezo wao wa fimbo, nao Waairishi wana rungu lao la mti wenye miiba. Waingereza walikuwa na fimbo ya mazoezi iliyotumika kumwandaa askari kabla ya kukabidhiwa kitara, na fimbo hiyo ilishindaniwa katika Olimpiki ya 1904 huko Saint Louis, Marekani.

Mwishoni mwa karne hiyo, Mwingereza Edward William Barton-Wright, aliyekuwa amekaa Japani, alifungua mjini London shule iliyochanganya jujutsu ya Kijapani, ndondi za Kiingereza, savate, na bakora ya mwalimu wa Kiswisi, Pierre Vigny. Shule hiyo haikudumu miaka mingi, lakini bakora ya Vigny ilisafiri mbali. Mwaka 1923 H. G. Lang, aliyekuwa ofisa wa polisi nchini India chini ya Waingereza, alichapisha kitabu kizima cha kufundisha mbinu hizo.

Upanga: kutoka uwanja wa kifo hadi taa za umeme

Sanaa ya tatu, na iliyo mashuhuri kuliko zote, ni ya upanga. Magazeti yetu huiita mchezo wa vitara. Umo katika Olimpiki tangu michezo ya kwanza ya kisasa huko Athens mwaka 1896, na ni mmoja wa michache ambayo haijawahi kukosekana. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1913.

Panga zake ni za aina tatu. Ya kwanza ni fleureti, upanga mwepesi wa kuchoma ambao zamani ulikuwa wa kufanyia mazoezi. Shabaha yake ni kiwiliwili peke yake. Ya pili ni epe, mrithi wa upanga wa kupigania heshima baina ya watu wawili. Ni mzito zaidi, nao huruhusu kumgusa mpinzani popote, kuanzia utosini hadi kidoleni mwa mguu. Ya tatu ni sabri, mrithi wa kitara cha askari wa farasi, unaokata na kuchoma, na shabaha yake ni kila sehemu iliyo juu ya kiuno.

Katika fleureti na sabri ipo kanuni inayowatatiza watazamaji wapya. Wachezaji wawili wakigusana kwa wakati mmoja, mwamuzi humpa pointi yule aliyeanzisha shambulio, au aliyelikinga kwanza kabla ya kujibu. Msingi wa kanuni hiyo ni wa maisha na mauti: mtu anaposhambuliwa kwa upanga wa kweli, busara inamtaka ajikinge kwanza, asije akafa pamoja na adui yake. Katika epe hakuna kanuni hiyo. Wote wawili wakigusana pamoja, wote hupata pointi.

Mapambano hufanyika katika ulingo mwembamba wenye urefu wa meta 14. Ncha ya epe ina kitufe cha umeme kinachohitaji msukumo wa zaidi ya gramu 750 ili kuwasha taa. Umeme ulianza kutumika katika epe miaka ya 1930, ukafuata katika fleureti miaka ya 1950, na katika sabri miaka ya 1980.

Mzazi yeyote atataka kujua habari ya usalama. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia mjini Rome, upanga ulivunjika na kipande chake kikapenya kofia ya bingwa wa Olimpiki kutoka Umoja wa Kisovieti, Vladimir Smirnov, akafariki dunia. Msiba huo ulibadili mchezo. Panga zikaanza kutengenezwa kwa chuma cha aina maalumu kisichovunjika kwa urahisi, mavazi yakafumwa kwa nyuzi kama zile za fulana za kuzuia risasi, na wavu wa kofia ukaimarishwa. Leo jeraha la kawaida la mcheza vitara ni la kifundo cha mguu kilichoteguka au msuli uliovutika, sawa na mwanasoka.

Zilikufaje, zikafufukaje?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Ni rahisi kudhani kwamba Wazungu walirithishana sanaa hizi kutoka baba hadi mwana bila kukatika. Sivyo ilivyokuwa.

Upanga mrefu wa mikono miwili, uliotumiwa na mashujaa wa zama za kati, ulitoweka baada ya bunduki kutawala vitani. Hakubaki mwalimu hata mmoja aliyeweza kusema, "Nilifundishwa na fulani, naye alifundishwa na fulani." Kilichobaki ni vitabu. Kilicho kikongwe kati ya vile vinavyojulikana ni mswada wa karne ya 14 uliohifadhiwa katika makumbusho ya silaha ya Leeds, Uingereza, unaoonyesha kwa michoro mapigano ya upanga na ngao ndogo. Mwitaliano Fiore dei Liberi aliandika chake mwanzoni mwa karne ya 15. Mjerumani Joachim Meyer alichapisha chake mjini Strasbourg mwaka 1570.

Vitabu hivyo vililala maktabani kwa mamia ya miaka. Katika miaka ya 1880 na 1890 Waingereza wawili, Egerton Castle na Alfred Hutton, walianza kuvisoma na kuvifanyia maonyesho. Baada yao kukawa kimya tena. Ilipofika miaka ya 1990, wapenzi wa historia katika nchi mbalimbali walianza upya: wakavitafsiri vitabu, wakatengeneza panga butu, wakasimama wawili wawili na kujaribu kila mchoro hadi mwili uelewe kile ambacho jicho lilisoma. Leo wanafunzi wa sanaa hiyo wametapakaa katika mabara mengi.

Savate na bakora ziliokolewa kwa namna nyingine. Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, viliwamaliza vijana wa Ufaransa, na kumbi nyingi zikafungwa. Savate na bakora zilionyeshwa katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924, lakini hazikupata nguvu. Aliyebaki akiushika uzi usikatike alikuwa Pierre Baruzy, mwanafunzi wa Charlemont na bingwa wa Ufaransa mara kumi na moja. Alifundisha katika miaka ambayo wanafunzi walikuwa wachache mno, akashiriki kulijenga upya shirikisho, naye alifariki mwaka 1994 akiwa amekaribia umri wa miaka mia moja. Bakora nayo iliandikiwa kanuni mpya za mashindano katika miaka ya 1970 na Maurice Sarry.

Yaani mahali pamoja sanaa iliokolewa na kitabu, na mahali pengine iliokolewa na mzee mmoja ambaye hakukata tamaa. Palipokosekana vyote viwili, sanaa ilikwenda kaburini pamoja na mwenyewe.

Mchezo usiomtupa mzee

Soka humwacha mchezaji akiwa na miaka thelathini na mitano. Upanga haumwachi hivyo. Aladár Gerevich wa Hungary alishinda dhahabu katika Olimpiki sita mfululizo, kuanzia Los Angeles mwaka 1932 hadi Rome mwaka 1960, alipokuwa na umri wa miaka 50. Olimpiki mbili kati ya hizo zilizopaswa kufanyika katika kipindi chake, za 1940 na 1944, zilifutwa kwa sababu ya vita. Kwa sasa yapo mashindano ya dunia ya wakongwe wa vitara, yenye madaraja ya walio na miaka 50, 60 na 70 na kuendelea.

Siri yake ni nini? Katika sanaa hizi, kasi ya mwili ni sehemu tu ya ushindi. Sehemu nyingine ni kupima umbali, kusoma nia ya mpinzani, na kuchagua wakati. Mambo hayo huongezeka kadiri miaka inavyoongezeka. Kijana hushambulia mara kumi akapata mara mbili. Mzee hungoja, akashambulia mara mbili akapata zote.

Faida nyingine ni ya afya. Mazoezi ya hatua, ya kwenda mbele na kurudi nyuma huku magoti yamekunjwa, huimarisha mapaja na mizani ya mwili, na kuanguka ni adui mkubwa wa wazee. Mtoto naye hujifunza kutii kanuni na kumwamkia mpinzani kwa upanga kabla na baada ya pambano. Samaki mkunje angali mbichi.

Kutoka singe hadi medali ya fedha

Silaha za Ulaya si ngeni Machakos. Mji huu ulikuwa kituo cha mwanzo cha Waingereza katika bara la Kenya. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikifungua mwaka 1889 katika nchi ya Masaku, ambaye jina lake ndilo lililogeuzwa kuwa Machakos, na makao hayo hayakuhamishiwa Nairobi hadi mwaka 1899. Baadaye Waingereza waliandikisha vijana wengi wa Kikamba katika jeshi la King's African Rifles. Vijana hao walifundishwa gwaride na kupigana kwa singe, sanaa ya Kizungu ya chuma iliyotokana na mkuki na upanga. Hawakuichagua, na wengi wao hawakurudi kutoka vita vya watu wengine.

Jeshi na shule pia ndizo zilizotuletea ndondi. Huo nao ni mchezo wa Ulaya, wenye kanuni zilizotungwa London mwaka 1867. Lakini ni Mkenya gani leo angeuita mchezo wa kigeni, baada ya Robert Wangila kuleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988?

Vitara navyo vimeanza safari hiyo. Alexandra Ndolo, ambaye ubini wake unasikika kila pembe ya Ukambani, alizaliwa mwaka 1986 mjini Bayreuth, Ujerumani, na baba yake ni Mkenya. Aliingia katika mchezo wa epe akiwa amechelewa, baada ya kupitia michezo mingine, na hata hivyo akaiwakilisha Ujerumani na kupata medali ya fedha ya Ulaya mwaka 2017. Mwaka 2022 alibadili bendera na kuanza kuiwakilisha Kenya. Mwezi Julai mwaka huo huo, katika mashindano ya dunia mjini Cairo, alifika fainali na kushindwa na Song Se-ra wa Korea Kusini kwa pointi 11 kwa 10. Pointi moja tu ndiyo iliyomtenga na dhahabu.

Mwaka 2024 aliingia katika Olimpiki ya Paris, mcheza vitara wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo. Alitolewa mapema, lakini alikuwa na umri wa miaka 37, na njia alikuwa ameifungua. Ikumbukwe kwamba epe ya wanawake haikuingizwa katika Olimpiki hadi mwaka 1996, na sabri yao hadi 2004.

Jijini Nairobi, katika mitaa ya Mathare na Huruma, kocha Mburu Wanyoike amekuwa akiwafundisha vijana wa mitaani mchezo huu kupitia klabu yake ya Tsavora. Barani Afrika, Misri na Tunisia zimekwisha kupata medali za Olimpiki kwa upanga, zikiwamo fedha ya Farès Ferjani wa Tunisia na shaba ya Mohamed Elsayed wa Misri huko Paris mwaka 2024.

Na yetu yako wapi?

Baada ya kuyasema hayo yote, hatuna budi kujitazama. Wakamba walisifika kwa uta na mshale wenye sumu, kwa wahunzi waliofua sime zenye makali pande mbili, na kwa ngoma zenye kurukaruka na kupinduka hewani. Nani leo anajua jinsi sime ilivyoshikwa, mguu upi ulitangulia, na kijana alifundishwa kwa hatua zipi kukinga pigo la rungu?

Maandishi machache tuliyonayo mengi ni ya wageni. Ofisa wa Kiingereza Charles Hobley alichapisha kitabu kuhusu Wakamba mwaka 1910. Msomi wa Kiswidi Gerhard Lindblom alikaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, akaandika kitabu kinene kuhusu desturi, sheria, ngoma na silaha. Ni hazina, lakini kitabu kilichoandikwa na mtazamaji si sawa na kile cha mwalimu wa sanaa yenyewe. Fiore aliandika kile ambacho mikono yake ilikifanya.

Wenzetu wa pwani wana bahati kidogo. Kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Lamu, ungali ukichezwa kwa ngoma na zumari katika sherehe. Huko Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa hauishi bila wanaume kupigana kwa makuti na mapande ya migomba. Wamisri nao wamekwenda mbali zaidi: mchezo wao wa fimbo, tahtibu, uliingizwa na Unesco katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016.

Mwaka huo huo wa 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inazipa serikali za kaunti jukumu la kukusanya na kuandikisha maarifa ya jamii zao. Basi kisingizio cha kukosa sheria hakipo. Na vifaa vipo: simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos inaweza kurekodi, kwa dakika kumi, kile ambacho Meyer alihitaji miaka kukichora. Kinachotakiwa ni kumwendea mzee angali hai, kumwomba asimame na fimbo yake, na kumwuliza si hadithi tu bali pia namna: mkono hushikaje, jicho hutazama wapi, kosa la mwanafunzi wa kwanza ni lipi.

Wamunyu yatosha kuwa ushahidi kwamba ujuzi mmoja mikononi mwa mtu mmoja unaweza kulisha kijiji. Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza uchongaji, akawafundisha jirani zake, na ufundi huo ukageuka riziki ya maelfu. Kilichokuja kikiwa cha kigeni kikawa cha Kikamba.

Kwa anayetaka kuanza

Anayevutiwa na sanaa hizi asisubiri vifaa vya bei ghali kutoka Ulaya. Mazoezi ya mwezi wa kwanza hayahitaji upanga. Chora mstari mnyofu ardhini. Weka kisigino cha mguu wa nyuma juu yake, na mguu wa mbele uelekee unakokwenda, miguu ikifanya pembe mraba. Kunja magoti. Songa mbele bila miguu kukutana, kisha rudi nyuma vivyo hivyo, kichwa kikibaki kimo kile kile. Ukiweza kufanya hivyo kwa dakika kumi bila kuyumba, umekwisha kupata msingi.

Baada ya hapo tafuta mwalimu, na usikubali kupigana na mwenzako kwa fimbo au chuma bila kofia ya wavu na koti la kinga. Jicho halina akiba. Klabu nyingi huanza kwa kuchangia vifaa, kofia moja ikavaliwa na wanafunzi kadhaa kwa zamu. Ukisafiri na upanga wa mazoezi, hata ukiwa butu, uweke ndani ya mfuko uliofungwa, kwani sheria ya Kenya inamkataza mtu kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu.

Walimu wa shule nao wana nafasi. Mtaala wa umilisi umefungua katika sekondari ya juu mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Fimbo, ambayo ilipigwa marufuku madarasani mwaka 2001 kama chombo cha adhabu, ingeweza kurudi shuleni kama chombo cha elimu, ikiwa na kanuni, mwamuzi na heshima.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Haina maana kwamba msala wa mgeni ufukuzwe mlangoni. Kijana wa Machakos na ashike epe na kuifuata njia ya Ndolo, lakini jioni, arudipo nyumbani, amwombe babu yake amwonyeshe jinsi fimbo ilivyoshikwa alipokuwa kijana, na ayaandike aliyoonyeshwa.